Laptopu Iliyonywewa Kabla Haijanunuliwa

Ukishuka kutoka kituo cha mabasi cha Kamembe, upande wa Rwanda, kuelekea sokoni, mwaka ule wa 2002, uliisikia taipureta ya Munyemana kabla hujamwona mwenyewe. Alikaa barazani mwa duka la Nsengiyumva, kati ya mifuko ya saruji na mafungu ya misumari, akapiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kuvitazama. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya mteja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza habari za mgonjwa. Barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, malalamiko kwa meya, vyote vilipita hapo. Mtu alifika na hasira ya kurasa tatu, akaondoka na nusu ukurasa wenye heshima.

Lakini riziki yake hasa ilikuwa memware, kile kitabu ambacho kila mwanafunzi wa chuo huandika ili amalize masomo. Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Julai, wanafunzi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, walivuka daraja la mto Ruzizi na miswada yao imefungwa kwenye mifuko ya plastiki, wakamtafuta Papa Shema, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe. Munyemana alikuwa amekulia Bukavu, akapiga chapa huko miaka kumi na tano katika ofisi ya shamba la kwinini, na Kifaransa cha watoto wa huko alikijua kinakoteleza. Alikirekebisha kimyakimya, kama mama anavyomfunga mtoto kifungo cha shati huku akiendelea kuongea na mgeni.

Mwezi wa Oktoba mwanafunzi mmoja wa Bukavu, Vanessa Nsimire, alimletea habari kwamba chuo chao kimebandika tangazo. Kuanzia Julai ijayo, memware iliyopigwa kwa taipureta haitapokelewa. Ije ya kompyuta, pamoja na disketi yake.

Munyemana aliendelea kupiga mpaka mwisho wa mstari, kisha akaweka mikono mapajani. Alielewa vizuri. Bila kompyuta hakuna memware, na bila memware ni Giheke. Kijijini Giheke alikuwako baba mkwe wake, Harelimana, mkulima wa muhogo na kahawa, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kukubali kwamba mtu anaweza kufanya kazi ameketi. Mzee huyo alikwisha kumwambia, bila uadui wowote, kwamba matuta matatu ya chini yako wazi.

Pesa Munyemana alikuwa nazo, zimelala benki. Kilichobaki kilikuwa kununua tu.

Wakati ule, mtu wa Kamembe aliyetaka laptopu alimwagiza mama wa Dubai. Mama wa Dubai wa Munyemana alikuwa mama yake huyo huyo Vanessa, mfanyabiashara wa Bukavu aliyeitwa Maman Mirindi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alisafiri mara tatu au nne kwa mwaka kuleta vitenge, simu na viatu vya harusi. Munyemana alimweleza anachotaka, naye mama akakiandika kwenye kidaftari chini ya "sufuria 12".

"Nitakuletea," alisema. "Rangi gani?"

"Rangi si neno, Maman Mirindi."

"Kila muntu anasema vile. Nikileta nyekundu ananikimbia."

Jioni hiyo hiyo baraza zima lilijua, na baraza likataka aroze. Jina la desturi hii ya pande zile mbili za mto limetokana na neno la Kifaransa la kumwagilia mimea. Anayenunua kitu kikubwa, awe amenunua pikipiki, kitanda au redio, huwanunulia majirani vinywaji ili kitu kishike mizizi. Asiyefanya hivyo kitu chake kikiharibika hapati hata pole. Kwa kawaida watu hungoja kitu kifike. Lakini Mulume, mbadilisha pesa aliyeketi upande wa pili wa baraza, alisema kwamba kitu cha Dubai kinapita njia ndefu na kinahitaji kumwagiliwa mapema.

Basi wakamwagilia. Mulume alikunywa bia tatu. Nsengiyumva, mlokole, alikunywa Fanta tatu kwa ukali ule ule. Walikuwa wamefika kwenye chupa ya tatu ndipo Aimable, mtoto wa kiume wa Nsengiyumva, alipofunga kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, akaja kuketi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Hakuwa na kompyuta, wala hakuwahi kuwa nayo, ila mjomba wake wa Brussels alimtumia magazeti ya kompyuta, na Aimable aliyasoma jinsi baba yake alivyosoma Zaburi.

"Papa Shema, umelipa?"

"Nitalipa kesho."

"Basi Mungu anakupenda." Aimable alisogeza kiti. "Mwezi wa tatu inatoka mpya. Mpya kabisa, mpaka moyo wake. Hizi za sasa zinakula moto kama pasi, betri saa mbili imekwisha. Ile itakaa saa nne, saa tano."

Haukuwa upuuzi. Umeme wa Kamembe siku zile ulikuwa na tabia ya ndugu wa mbali. Ulikuja bila taarifa, ukaondoka wakati wa shida. Saa tano za betri zilikuwa memware nzima. Munyemana aliiona mashine yake ambayo hajainunua ikizeeka pale pale mbele ya macho yake.

Asubuhi alimpigia simu Maman Mirindi akafuta oda.

"Sasa ile tuliyokunywa jana ilikuwa nini?" aliuliza Mulume.

"Ilikuwa ya zamani," alisema Nsengiyumva.

Mwezi wa Februari Maman Mirindi alijiandaa kusafiri tena, na Munyemana akaagiza tena. Baraza lilijadili kama aroze ya kwanza ingetosha. Mulume, aliyeishi kwa kubadilisha faranga kuwa dola na dola kuwa faranga, alitoa hukumu kwamba ile ilikuwa ya mashine nyingine, na haibadilishiki. Vinywaji vikaletwa. Aimable akaja kuketi.

"Machi ni mwezi ujao, Papa Shema. Utanunua ya zamani wiki nne kabla ya mpya? Bantu watakuuliza ulikuwa unakimbilia wapi."

Munyemana akafuta oda. Safari hii Maman Mirindi alikuja mwenyewe barazani, akaweka mkoba wake juu ya mfuko wa saruji.

"Papa Shema, mimi nikifika Dubai ninakuta vitu. Miezi siikuti. Hakuna duka linauza mwezi wa tatu."

"Nivumilie, maman. Ni mara moja tu ninanunua."

"Hata bwana wangu alisema vile kuhusu kuoa, na alipooa alikuwa na miaka arobaini na mbili."

Kuanzia hapo watu walianza kuiita "laptopu yetu". Mwenye duka la vitenge, aliyepata chupa moja tu ya aroze ya pili, aliuliza kila asubuhi betri imefika saa ngapi. Padri mmoja aliyepita kununua misumari alimtakia Munyemana subira, akidhani wanazungumzia mtoto. Na Munyemana mwenyewe alikuwa amejifunza maneno ambayo hakuwa na mahali pa kuyaweka. Alijua ukubwa wa diski, alijua kasi ya moyo wa mashine. Wateja wa barua walipungua, maana karibu na benki ilifunguliwa nyumba yenye kompyuta nne na feni, lakini yeye alikaa barazani na utulivu wa mtu aliyekata tiketi ya gari zuri zaidi linalofuata.

Machi ikapita, na mashine mpya ikatoka kweli, kama Aimable alivyosema. Mwezi wa Mei Vanessa alivuka daraja, akaweka juu ya meza ya Munyemana mswada wa kurasa mia moja na kumi na mbili, wa mkono, kuhusu wanawake wanaouza bidhaa mpakani. Tarehe ya kuuwasilisha ilikuwa tarehe kumi na tano Julai.

"Papa Shema, niseme ukweli," alisema kwa sauti ndogo. "Wenzangu tisa wa kikao cha pili, cha Septemba, bananingoja mimi. Wakiona yangu imepigwa vizuri, watakuja. Wakiona sijaleta kitu, wanaenda kule kwenye feni. Maman anaondoka Jumamosi, na kabla ya Julai hasafiri tena. Niache hapa, ama nichukue?"

"Niachie mpaka Jumamosi."

Ilikuwa Alhamisi. Alipoondoka, Munyemana alivuka hatua nne hadi kibanda cha Aimable, ingawa alijua hapaswi. Aimable alikuwa na gazeti limefunguliwa tayari.

"Imetoka, sikatai. Lakini hii ya kwanza ni ya majaribio, Papa Shema. Bei iko juu kwa sababu ni mpya. Septemba bei inaanguka, na inatoka ya pili yenye diski kubwa mara mbili. Ukinunua leo, Septemba utalia."

"Na Julai?"

Aimable aligeuza ukurasa, akatafuta. Hakukuwa na Julai kwenye gazeti.

Ijumaa jioni Munyemana alipanda hadi kwake Gihundwe na mswada umo ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe Patricie alikuwa ametoka hospitali, alikofunga vidonda vya watu kutwa nzima, na alikuwa akichambua maharage. Munyemana alimweleza yote, moyo wa mashine, betri, diski, Septemba. Patricie alichambua. Alipofika mwisho, Munyemana alisema jambo alilokuwa amelificha kwa aibu.

"Maman Shema, mimi nimewahi kununua kwa haraka. Unakumbuka frigo."

Mkono wa Patricie ulisimama juu ya ungo.

Frigo ile waliinunua Bukavu mwezi wa Agosti 1996. Ilikuwa nyeupe, na juu ilikuwa na chumba cha barafu. Wiki tano baadaye watu wenye asili ya Rwanda walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba, nao wakashuka kwa miguu hadi daraja, yeye na taipureta kichwani, Patricie na Shema mgongoni. Frigo ilibaki jikoni, ndani yake vipande viwili vya samaki. Tangu siku ile Munyemana hakununua kitu kikubwa. Meza yake ya barazani ilikuwa ya kuazima.

"Kwa haraka?" alisema Patricie. "Wewe ndiye uliyenunua frigo ile kwa haraka?"

"Wiki tano tu, Patricie. Ningengoja kidogo, pesa ingekuwa mfukoni."

"Sikia, Papa Shema. Frigo ile uliitaka mwaka wa tisini na mbili. Nilikuwa nawe dukani. Ulisema tungoje yenye chumba cha barafu. Tisini na tatu ikaja yenye barafu, ukasema tungoje isiyopiga kelele. Tisini na nne ukasema bei itashuka. Miaka minne nilikuwa ninapika samaki asubuhi kwa sababu jioni wananuka. Ungenunua ile mbaya, yenye kelele, tungekunywa maji baridi miaka minne, halafu tungekimbia na kuiacha. Vita vingekuja tu. Havikuwa vinangoja frigo."

Munyemana aliokota harage lililoanguka, akalirudisha ungoni.

"Si haraka iliyotunyima frigo," alisema Patricie, akarudia maharage. "Na mimi Giheke siendi. Ukienda kwa baba kulima, utalala huko na kuku. Mimi nina kazi hapa."

Kwenye kituo cha mabasi, Jumamosi, basi la Kigali lilikuwa tayari linanguruma. Maman Mirindi alikuwa ameketi dirishani, mkoba tupu mkubwa mapajani, kidaftari mkononi. Munyemana alifika akihema, upande mmoja wa shati umechomoka.

"Ninunulie," alisema kupitia dirishani.

"Ya Machi ama ya Septemba?"

"Ya siku utakayofika dukani."

Maman Mirindi alifungua kidaftari. Kisha akaandika, na safari hii alikandamiza kalamu.

"Kwa sharti moja. Simu yako uizime. Wiki tatu."

"Maman, wateja..."

"Basi uzime kwangu. Nikiona namba yako Dubai, ninanunua sufuria."

Wiki tatu hizo Munyemana hakupita karibu na kibanda cha redio. Akitaka kwenda msalani alizunguka nyuma ya duka. Baraza likataka aroze ya tatu, naye akakataa kabisa, akasema safari hii hakuna atakayekunywa kitu ambacho hajakiona. Mulume alisema ni mara ya kwanza kusikia desturi ikitukanwa hadharani.

Mwezi wa Juni, tarehe kumi na nane, Maman Mirindi alishuka kwenye basi na sanduku lililofungwa ndani ya vitenge sita. Baraza lote lilisimama. Munyemana aliifungua laptopu juu ya meza ya kuazima. Kioo kikawaka, ukatoka muziki mfupi, na Nsengiyumva akasema amina. Ilikuwa ya kijivu na yenye disketi, na betri yake ilikuwa ya saa nne. Aimable alipiga magoti kusoma kibandiko chini yake, akasimama taratibu kama aliyetoka kuabudu.

Munyemana aliweka vidole vyake kumi, akaelekeza macho kwenye mswada wa Vanessa, akapiga kichwa cha ukurasa wa shukrani. Alikusudia kuandika *Madame*. Kwenye kioo ilitoka *:qdq;e*.

Akafuta, akapiga tena taratibu. *:qdq;e*.

Sasa akavitazama vitufe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake. Palipopaswa kuwa na A palikuwa na Q. M ilikuwa imehamia mstari wa chini. Na kwenye kona ya kila kitufe palikuwa na herufi ya Kiarabu, imejikunja vizuri kama kijiti cha mzabibu.

Baraza zima likainama juu ya vitufe. Miezi minane walikuwa wameuliza moyo, betri, diski, kasi na bei ya Septemba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza herufi zimekaa wapi. Huku kwao kila mashine ya kuandikia ilikuwa imeletwa na Wabelgiji na herufi zake zimepangwa Kifaransa, hata haikumjia mtu akilini kwamba kuna mahali pengine duniani A inakaa kwingine.

"Mlisema rangi si neno," alisema Maman Mirindi. "Na herufi hamkusema kitu."

"Aimable," alisema Munyemana bila kugeuka, "gazeti lako lilisemaje kuhusu A?"

Aimable alisema anakwenda kusoma.

Nyumbani Patricie aliichunguza kama kidonda, akatoa sparadra ya hospitali, ile plasta ya kufungia vidonda, akaikata vipande vidogo kwa mkasi, akaandika herufi kwa kalamu ya bluu na kuzibandika moja moja mahali pa Kifaransa. Alifanya kazi safi. Munyemana alibonyeza A mpya, nyeupe, iliyoandikwa na mkono wa mkewe. Kwenye kioo ikatoka Q.

"Nimeibandika vizuri," alisema Patricie. "Kwa nini haisikii?"

Siku tatu alipiga kwa kidole kimoja, kurasa tatu kwa siku, kama mtoto anayechokoa mwiba. Alihesabu tarehe na kurasa. Zilikuwa hazikutani. Taipureta ilikaa chini ya meza, vidole vyake vikaitamani. Siku ya nne asubuhi Aimable alikuja bila gazeti. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ameamkia kwenye ile nyumba ya feni, akalipa saa mbili, akamuuliza msichana wa pale, aitwaye Nishimwe, swali ambalo kwa fahari yake yote hakuwahi kumuuliza mtu: hii inafanyikaje?

Aimable alibonyeza mara nne, mahali padogo pembeni mwa kioo. Akachagua neno *Français*.

"Jaribu, Papa Shema."

Munyemana aliinua uso kutazama mswada. Vidole vikashuka vyenyewe. *Madame*. Kisha mstari mzima, kisha ukurasa, na barazani ikasikika sauti mpya, laini, ya kitu kinachotafunwa.

"Sparadra nilikuwa sijakosea," alisema Patricie jioni alipopewa habari. "Mashine ndiyo iliyochelewa kuelewa."

Memware ya Vanessa Nsimire ilivuka daraja tarehe kumi na mbili Julai kwenye disketi mbili, moja kwenye mkoba wake na nyingine kwenye soksi, kwa ajili ya usalama. Wenzake tisa walikuja. Wa kumi alikuja akitokea kwenye feni, na mswada wake umejaa makosa ambayo feni haikuyaona.

Mashine ya Septemba ilitoka Septemba. Aimable alilipata gazeti akapanda nalo ngazi za baraza akikimbia, kidole kimeshikilia ukurasa. Munyemana alikuwa na mswada wa mwanafunzi wa kikao cha pili, mtu wa Walungu, na mstari wa saba, nukuu ya Kiswahili katikati ya Kifaransa, ulikuwa umemshinda tangu asubuhi.

"Papa Shema, imekuja. Diski mara mbili. Na bei, nilikuambia..."

"Keti hapa," alisema Munyemana, akamsogezea kiti. "Wewe una macho ya magazeti. Huyu muntu ameandika nini hapa, 'uchumi' ama 'uchungu'?"

Aimable aliinamia karatasi, gazeti likiwa bado wazi mapajani.

"Uchungu," alisema. "Hapana. Ngoja. Nisomee mstari wa juu yake."

Munyemana akamsomea, vidole vyake kumi vimekaa juu ya vitufe.